Kati ya Bati na Dari: Niliyoyaona Nikivuta Waya

Mwenye nyumba anaijua sebule yake, anajua mlango upi unagoma wakati wa masika, anajua hata jina la rangi aliyopaka fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Asichokijua ni kilichopo kati ya bati na dari. Jipsamu ikishafungwa na kupigwa rangi, kwake huko juu pameisha. Sisi mafundi umeme ndio tunaoendelea kupanda, pamoja na fundi bomba na watu wa viyoyozi mara mojamoja. Nimefanya kazi hii Dar es Salaam miaka mingi, kuanzia nyumba za vyumba viwili Mbagala mpaka majumba ya Mbezi Beach, na kuna jambo moja natamani kila anayejenga alisikie kabla hajampa fundi wa dari malipo ya awali. Kule juu panahitaji mahali pa hewa kuingia na mahali pa hewa kutokea. Nyumba nyingi ninazoitwa siku hizi hazina hata kimoja.

Nianze na joto, kwa sababu ndilo kila mtu analolalamikia. Kuanzia Desemba mpaka Machi, upepo wa kaskazi ukivuma, kazi ya darini naianza saa kumi na mbili asubuhi na saa nne nimeshashuka. Siyo uvivu. Nilimwona kijana wangu akitaka kuzimia juu ya kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, kwenye nyumba moja ya Tabata, na tangu siku hiyo simruhusu mtu kupanda mchana. Nje ilikuwa nyuzijoto 32. Kipimajoto nilichokining'iniza kwenye mbao huko juu kilivuka 50.

Sisi tuko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, na hata miezi iliyobaki halisogei mbali. Kwa hiyo katika nyumba nzima, kinachochomwa zaidi ni paa. Ukuta wa tofali unachelewesha joto kidogo, lakini bati la geji 30 halifiki hata nusu milimita kwa unene. Joto linalotua juu yake linatokea upande wa pili papo hapo. Hewa iliyo chini ya bati inachemka, haina pa kwenda, inakaa. Jioni jua limezama, upepo wa bahari umetulia, na watu wanashangaa kwa nini chumbani ni moto kuliko barazani. Washa pangaboi uone: linachota ile hewa ya moto iliyojibanza chini ya dari na kukumwagia kitandani. Mwenye uwezo anaongeza kiyoyozi, na uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zinakwisha kabla ya wiki.

Hayo anayahisi kila mtu. Yanayonihusu mimi hayaonekani. Waya za kawaida za majumbani, zenye ngozi ya PVC, uwezo wake umepimwa kwa hewa ya nyuzijoto 30. Katika jedwali la kanuni za Uingereza, ambazo wengi wetu tumezisomea, hewa inayouzunguka waya ikifika 40 uwezo wake unauzidisha kwa 0.87. Ikifika 50 unauzidisha kwa 0.71. Ikifika 60, kwa 0.50. Maana yake waya uliostahili kubeba ampea 20 unabaki na ampea 14 kwenye dari ile ya Tabata. Sasa fikiria hita ya maji na kiyoyozi vimeunganishwa kwa waya uliochaguliwa dukani kana kwamba utalala kivulini. Nimeshakunja waya za namna hiyo karibu na boksi la maungio na ngozi ikapasuka vipande vipande kama ganda la karanga, shaba ikabaki wazi juu ya mbao kavu. Nyumba haijaungua, mwenye nyumba hajui chochote, na bado anasema umeme wake hauna tatizo.

Taa nazo. Watu wanalalamika kwamba taa za kisasa za darini hazidumu. Mara nyingi taa yenyewe ni nzima, kilichokufa ni draiva yake, kile kiboksi kinacholala juu ya jipsamu. Ndani yake kuna kapasita, na kwa kapasita za aina ile tunahesabu kwamba kila nyuzijoto 10 zikiongezeka, maisha yake yanapungua nusu. Ukibadilisha draiva kila baada ya miezi kadhaa bila kugusa joto la darini, unalipa kodi isiyo na mwisho.

Lakini kilichonifundisha zaidi kuhusu hewa ya darini ni maji.

Ilikuwa kipupwe, mwezi wa Julai, huko Goba. Mama mmoja mstaafu aliniita kwa sababu taa ya chumbani ilikuwa inazimika yenyewe na sakiti breka inashuka usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, njoo uone mwenyewe. Mvua haijanyesha wiki nzima, dari inavuja."

Kwenye kona ya chumba, juu ya kabati, palikuwa na doa la rangi ya chai lenye ukubwa wa sinia. Jingine lilikuwa linaanza kando ya taa. Alishaita fundi bati. Fundi akapaka silikoni kwenye kichwa cha kila skrubu, akabadilisha nyingine, akachukua hela yake. Maji yakaendelea. Mama alikuwa amefikia hatua ya kuamini kwamba bati lote ni bovu na lazima liezuliwe, na pesa ya kuezeka upya hakuwa nayo. Kiinua mgongo kilishaisha kwenye nyumba ileile.

Mchana sikuona kitu darini, mbao zilikuwa kavu na za moto. Nikamwomba nirudi alfajiri. Saa kumi na moja na nusu nikapanda na taa ya kichwani, na pale ndipo nilipoona. Chini ya kila bati, matone yalikuwa yamejipanga kufuata migongo, mamia kwa mamia, yameshikilia. Nikaigusa papi moja, ubao unaopigiliwa bati, kwa kiganja, mstari mzima ukateremka na kuangukia jipsamu, pap pap pap. Ncha za skrubu zilizotokeza chini ya papi kila moja ilikuwa na tone lake, na kuzunguka ncha mbao ilishakuwa nyeusi. Bati halikuwa na tundu. Maji yalikuwa yanatengenezwa mle mle ndani.

Usiku usio na mawingu, bati hutupa joto lake angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa iliyo karibu nalo. Hewa ya Dar imejaa mvuke wakati wote, hata kipupwe. Mvuke ukigusa bati la baridi unageuka maji, vilevile kama jasho kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kwenye paa linalopumua kitu hicho hutokea pia, lakini kidogo, na asubuhi hewa inayopita hukausha kila kitu na kuondoka na mvuke. Nyumba ya Goba ilikuwa imezibwa kila upande. Dari ya nje, ile ya chini ya fisha bodi, ilikuwa jipsamu tupu bila tundu. Chini ya kofia za mgongo wa paa, fundi alijaza povu ili popo wasiingie. Kwa hiyo maji yaliyokauka saa nne asubuhi hayakwenda popote, yalisubiri usiku yarudi kwenye bati.

Halafu nikakuta bomba la feni ya bafuni. Feni ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, inanyonya mvuke wote wa maji ya moto, na bomba lake liliishia hapohapo juu ya dari, halijafika nje. Kila aliyeoga nyumba ile, mvuke wake ulikwenda kukaa chini ya bati. Tangu siku ile hilo ndilo jambo la kwanza ninaloliangalia nikipanda darini mwa mtu, na nimeshangaa ni mara ngapi ninalikuta.

Tulichofanya hakikuwa cha gharama kubwa. Bomba la bafuni tulilitobolea tundu ukutani likatoka nje na kuwekewa kifuniko cha mapezi. Dari ya nje tukaikata mstari mwembamba kuzunguka nyumba, tukafunika kwa wavu wa chuma. Povu la kwenye kofia likatolewa, likawekwa wavu. Jipsamu mbili zilizovimba zikabadilishwa, boksi la maungio lililoingia maji nikalitengeneza upya na kulihamisha. Bati la yule mama liko pale pale mpaka leo.

Watu wengi wakisikia habari ya hewa wanatoboa tundu mahali pamoja na kudhani wamemaliza. Hewa ya moto inapanda. Ukiifungulia juu bila kuipa nyingine ya kuingia chini, haitoki, au inatafuta pa kuvuta. Nilishaitwa Mikocheni kwa mtu aliyefunga feni kubwa ya kunyonya hewa darini, akashangaa mbona bili imepanda badala ya kushuka. Chini ya paa hapakuwa na pa kuingilia hewa hata kidogo. Feni ilikuwa inanyonya kupitia matundu ya taa, yaani inavuta ubaridi wa kiyoyozi kutoka vyumbani na kuutupa nje. Alikuwa analipia kupooza anga la Mikocheni.

Kuhusu ukubwa wa matundu, kanuni za ujenzi za Marekani zinatoa kipimo ambacho ni rahisi kukishika: eneo la matundu liwe sehemu moja ya 150 ya eneo la dari, au moja ya 300 kama matundu yamegawanywa vizuri kati ya chini na juu. Hali yao ya hewa siyo yetu, na mimi ningependa tuwe wakarimu kuliko wao, lakini hesabu inasaidia kubishana na fundi. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12, dari mita za mraba 120. Moja ya 150 ni mita za mraba 0.8. Mzunguko wa nyumba hiyo ni mita 44, hivyo ufa wa sentimita 2 tu kwenye dari ya nje kuizunguka yote unakupa 0.88. Sentimita 2! Hakuna atakayeuona akiwa amesimama uani. Ila ukiufunika kwa wavu wa mbu, nyuzi za wavu zinakula sehemu kubwa ya uwazi, na vumbi la Dar linamalizia kilichobaki. Mimi napendelea wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 5 au 6. Popo hapiti, panya hapiti, hewa inapita. Mbu wazuiwe madirishani.

Juu ni pagumu zaidi. Kama nyumba ina ule ukuta wa pembetatu ubavuni, shukuru, weka dirisha la mapezi karibu na kilele pande zote mbili, mapezi yainame kuelekea nje ili mvua ya upepo isiingie. Kusi inavuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo tundu linalotazama mashariki halikosi upepo. Kama paa limekunjwa pande nne, mgongo wake ni mfupi na kazi yote iko kwenye kofia. Bati za migongo mipana zenyewe zinaacha nafasi chini ya kofia, ni kutoziziba tu: fundi akunje ncha za bati kwenda juu, kofia iwe pana, wavu uwekwe ndani. Na kama hiyo haitoshi, yale madude ya mviringo yanayozunguka kwa upepo juu ya magodauni yanafaa pia kwenye nyumba, mradi chini pawe na pa kuingilia.

Nyumba zinazonitia wasiwasi kuliko zote ni hizi za paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Zinapendeza, siwezi kukataa. Lakini paa ni la mwinamo mdogo, bati liko karibu na dari kiasi kwamba hata kutambaa ni shida, hakuna fisha bodi, hakuna dari ya nje, hakuna pembetatu. Ni boksi. Ukiijenga hivyo, mwambie fundi mwashi aache matundu kwenye kuta zinazoficha paa, chini ya usawa wa bati, kabla hajapiga lipu. Baada ya lipu na rangi ni kukata zege na kugombana.

Kigamboni na kote kando ya bahari kuna jambo la ziada. Hewa ina chumvi. Juu ya bati mvua inaosha chumvi hiyo kila masika na vuli. Chini ya bati hakuna mvua inayofika. Chumvi inakaa, matone ya alfajiri yanailowesha, na bati linaanza kuliwa kutoka ndani wakati juu rangi bado inang'aa. Nimeona mabati yaliyotoboka hivyo, na wenyewe wakamlaumu muuza bati.

Wazee wetu hawakuwa na tatizo hili. Nyumba za Kiswahili za Magomeni na Kariakoo, nyingi hazikuwa na dari, na kati ya kilele cha ukuta na paa paliachwa nafasi. Makuti yalipumua yenyewe. Bati lilipokuja likawa na joto lake, lakini hewa ilipita juu ya kuta kutoka chumba hadi chumba na kutokea uani. Sisemi turudi huko, kila mtu anataka dari safi na chumba chake kiwe na siri. Ninasema tulipoleta jipsamu tuliziba ile nafasi na hatukuweka kitu badala yake.

Sitaki pia mtu adhani matundu yatamaliza joto lote. Bati la moto linatuma joto kwenda chini kama jiko la mkaa linavyokuchoma usoni hata upepo ukivuma katikati yenu. Kwa hilo kuna foili ya kung'aa inayotandikwa chini ya bati, upande unaong'aa utazame chini kwenye uwazi. Ikibanwa kati ya vitu viwili bila nafasi ya hewa haifanyi kazi. Kuna pia rangi ya bati. Bati jeupe au la rangi hafifu linarudisha jua, na haya ya rangi ya mkaa ambayo yameshika soko yanalinywa. Nikiulizwa ushauri nasema rangi hafifu, na mara nyingi nashindwa, kwa sababu mwenye nyumba ameshaona picha.

Na wenye viyoyozi wanisikilize vizuri. Hewa ya nje ya Dar mwezi wa Machi ina mvuke mwingi kiasi kwamba kitu chochote chenye nyuzijoto 24 hivi au chini ya hapo kinaweza kutoa jasho. Ukiweka kiyoyozi kwenye nyuzijoto 16 usiku kucha, jipsamu inapoa mpaka upande wake wa juu, na hewa ya nje inayopita darini inaweza kuacha maji pale. Hilo siyo sababu ya kuziba paa. Weka kiyoyozi kwenye 25, tandika sufi ya kuzuia joto juu ya dari ya chumba hicho, ziba matundu yanayozunguka taa, na mabomba ya kiyoyozi yavishwe vizuri mpaka mwisho.

Wakati wa kusema haya yote ni mmoja. Kenchi zimesimama, papi zimepigwa, bati limelazwa, na mimi nimeitwa kupitisha mabomba ya waya. Dari bado. Wiki hiyo kukata ufa kwenye dari ya nje ni suala la kumwambia fundi apunguze ubao, na kutoa bomba la bafuni nje ni tundu moja ukutani. Mimi sasa nimejiwekea utaratibu: kabla sijavuta waya hata mmoja, namwita mwenye nyumba tunasimama chini ya bati tupu, namwonyesha hewa itaingilia wapi na itatokea wapi. Akiniambia fundi wa dari ndiye atakayejua, nampigia huyo fundi palepale tuzungumze wote watatu.

Kama nyumba yako imeshafungwa na hujui hali yake, panda mara mbili. Mara ya kwanza alfajiri ya kipupwe, na tochi, upitishe kiganja chini ya bati na uangalie ncha za skrubu. Mara ya pili saa tatu asubuhi siku ya jua, ukae dakika chache tu kwenye mlango wa dari, uzime tochi, utafute mwanga. Usipoona mstari wa mwanga kwenye kingo za paa wala karibu na kilele, hewa nayo haina pa kupita. Usipande mchana, na usikanyage jipsamu, kanyaga kenchi.